Mnacheka Ulimi wa Jirani

Mwaka 1963, mwaka wa uhuru wetu, shirika la utangazaji la CBS la Marekani lilithibitisha kwamba limeuza kipindi chake cha vichekesho, Amos 'n' Andy, huku Kenya na katika Nigeria ya Magharibi. Muda si muda ofisa mmoja wa serikali ya Kenya akatangaza kuwa kipindi hicho kitapigwa marufuku nchini. Televisheni ilikuwa ngeni Nairobi, imeanza mwaka mmoja tu nyuma, na seti zilikuwa za wenye pesa. Hata hivyo kulikuwa na watu serikalini walioutazama mzaha ule, wakajua unamlenga nani, wakasema hautapita hapa.

Watu wa Kayole, hapa Nairobi, mzaha ule uko kwenu leo. Hakuna mgeni aliyewauzia. Mmeutunga wenyewe, na mnaurusha asubuhi ndani ya matatu, mchana kibandani, jioni kwenye ngazi za ploti, na Jumapili mshereheshaji anausimamia juu ya madhabahu ya harusi huku mchungaji akijifuta machozi ya kicheko. Mnacheka ulimi wa jirani. Mnamcheka kwa vile anavyotamka neno alilofundishwa na mama yake, na kwa kabila ambalo neno hilo linalifichua. Nimekaa nanyi miaka mingi, kwa hiyo sisemi kama mpita njia. Nasema kwa sababu nimechoka kuona jambo hili likipewa jina la utani.

Kwanza sikieni habari za kipindi chenyewe, maana asiyejua kilichotokea huko atadhani nakuza jambo dogo.

Freeman Gosden alizaliwa Richmond, Virginia. Charles Correll alizaliwa Peoria, Illinois. Wote wawili walikuwa Wazungu. Tarehe 12 Januari 1926 walianza kwenye redio ya WGN mjini Chicago, wakiigiza sauti za vijana wawili Weusi waliotoka Kusini kuja kutafuta maisha mjini. Kipindi kiliitwa Sam 'n' Henry. Walipohamia kituo cha WMAQ hawakuweza kuondoka na majina hayo, basi wakabuni mengine, na tarehe 19 Machi 1928 Amos na Andy wakaingia hewani. Mwaka 1929 mtandao wa NBC ukakichukua kipindi, dawa ya meno ya Pepsodent ikakidhamini, na jioni baada ya jioni, dakika 15 tu, nchi ikawa inasimama kusikiliza. Inakadiriwa kwamba mwaka 1930 na 1931 wasikilizaji walifika kama milioni 40. Wenye majumba ya sinema walizima filamu saa ya kipindi ilipofika, wakawafungulia watazamaji redio mle mle ukumbini, kisha filamu ikaendelea. Asiyefanya hivyo alibaki na viti vitupu.

Wawili hao waliigiza wenyewe karibu sauti zote. Amos alikuwa mpole na mchapakazi, Andy mvivu mwenye majivuno, na Kingfish, kiongozi wa chama chao, alikuwa laghai ambaye hakukosa mbinu ya kumla Andy pesa. Walikuwa na kampuni ya teksi yenye gari moja, nalo halina paa. Wakazi wa Kayole mngeipenda hiyo teksi. Mngeiona kila siku pale Junction. Visa vilikuwa vizuri, na mafundi wale walijua mahali pa kukikata kisa ili msikilizaji asilale usingizi mpaka kesho yake. Nayasema haya makusudi. Msidhani mzaha mbaya huwa haupendezi. Ungekuwa haupendezi usingemdhuru mtu.

Madhara yalikuwa haya. Mamilioni ya Wazungu ambao hawakuwahi kuketi meza moja na mtu Mweusi waliamini wanamjua, kwa sababu walisikia sauti yake kila jioni, na sauti yenyewe haikuwa yake. Walimsikia akivunja Kiingereza. Walimsikia akishindwa hesabu, akidanganywa, akidanganya. Alipokuja mtu Mweusi halisi kuomba kazi au chumba, alikuta nafasi yake kwenye akili za watu imeshakaliwa na Andy.

Mwaka 1931 Robert L. Vann, mhariri wa Pittsburgh Courier, gazeti la Wamarekani Weusi, aliongoza kampeni ya kukusanya sahihi milioni moja kipindi kiondolewe hewani. Lakini mwaka huohuo gazeti jingine la Weusi, Chicago Defender, liliwakaribisha Gosden na Correll kama wageni wa heshima kwenye sherehe yake ya watoto. Wapo waliocheka pamoja na wanaowacheka. Likumbukeni hilo, nitalirudia. Kipindi kilipoingia televisheni mwaka 1951 waliajiriwa waigizaji Weusi wenye vipaji vikubwa, akina Alvin Childress, Spencer Williams na Tim Moore, na bado NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, kikapinga, kikilalamika kwamba kila mhusika pale ni mjinga au mwizi, kwamba daktari Mweusi anaonyeshwa kuwa tapeli na wakili Mweusi kuwa mwoga mjanja. Redioni kiliendelea hadi mwaka 1960. Marudio ya televisheni CBS iliyaondoa sokoni mwaka 1966, miaka mitatu baada ya Kenya kuyakataa.

Tukafunga mlango wa mbele. Sasa tazameni kinachoendelea ndani ya nyumba.

Kuna ploti moja upande wa Masimba, ghorofa tano, geti la mabati la kijani. Soja wa pale ni mzee aliyetoka Magharibi, na ulimi wake unaigeuza "b" kuwa "p". Vijana wa ghorofa ya tatu wamegundua biashara. Wanashuka jioni na simu, wanamwambia, "Mzee, sema bibi yako amebeba beseni la biringani." Mzee anasema. Wanaanguka kwa kicheko, wanampa shilingi hamsini, na kabla hawajapanda ngazi video imeshaingia kwenye kundi la WhatsApp la wapangaji. Nimeiona. Watu wazima, wenye watoto, wameitia vikaragosi vya kucheka mpaka vimejaza kioo. Mmoja ameandika, "Kesho mwambieni aseme bomba." Na mzee naye, kwenye video, anacheka.

Mtaniambia: si umeona, hata yeye anacheka. Ndiyo, nimeona. Mtu anayelipwa kidogo mwisho wa mwezi, anayelala kwenye kibanda cha geti, ambaye mkimlalamikia kwa caretaker atakuwa barabarani kesho, atafanya nini kama si kucheka? Mnamnunua kwa hamsini kisha mnaonyesha risiti kama ushahidi kwamba aliridhika. Watoto wa Chicago nao walisherehekea Gosden na Correll walipokaribishwa kwenye ile sherehe ya Defender. Kicheko cha anayechekwa hakijawahi kumsafisha anayecheka.

Na si soja peke yake. Makanga anamwiga abiria Mkamba aliyeuliza nauli, na gari zima linapasuka. Mkikuyu akichanganya "r" na "l" mnamwambia ameshrabu, na neno hilo mnalitupa hata kwenye mahojiano ya kazi. Mama fua mnamwiga angali kwenye karai. Mmeru kwenu ni hasira, Mkisii ni uchawi, Mluo ni majivuno, Mkikuyu ni pesa, Mluhya ni ugali na geti, Msomali hamumpi hata nafasi ya kuwa na tabia. Mnamwita jina la utani na mambo yameisha. Kuna watu mmewajua miaka kumi, mmekopeshana chumvi na kuchangiana matanga, na ukiwauliza yule jirani ni mtu wa namna gani, jibu linaanza na kabila.

Redio za asubuhi zimeuona mwanya huo na zimejenga humo. Wawili wanakaa mbele ya maikrofoni, mmoja anaigiza lafudhi, mwingine anacheka ili msikilizaji ajue wakati wa kucheka umefika. Ni mpangilio uleule wa Chicago wa mwaka 1929, mpaka tangazo la dawa ya meno halikosi. Na watu wanaotoka Soweto, Matopeni na Saba Saba kwenda mjini kabla jua halijachomoza, waliobanwa kwenye viti vya matatu, wanafunzwa kila siku kumsikia mwenzao kama mhusika wa mchezo.

Najua mtakalosema: na Mzee Ojwang je?

Hoja hiyo ina uzito na sitaikwepa. Benson Wanjau, ndiye Ojwang mwenyewe, alikuwa Mkikuyu, na kwa miaka zaidi ya 30 aliigiza mzee wa Kiluo, kwanza kwenye kipindi cha Darubini kisha Vitimbi, akiwa na Mama Kayai, yaani Mary Khavere, kama mkewe. Alipofariki tarehe 12 Julai 2015, nchi nzima ilimlilia, na Waluo walimlilia kama mzee wao. Kwa nini yeye asikaripiwe?

Kwa sababu Ojwang alikuwa mtu kamili. Alikuwa na mke aliyemshinda kwa maneno, alikuwa na madeni, na tamaa, na aibu, na huruma iliyomtoka bila yeye kutaka. Ukiiondoa lafudhi, kisa kinabaki kimesimama. Aliyeanguka kwenye kila kisa alikuwa Ojwang mwenyewe, kwa kosa lake mwenyewe, na mtazamaji alijiona ndani yake akiwa wa kabila lolote. Kabla yake wachekeshaji Mzee Pembe na Mzee Tamaa walifanya vilevile. Waliubeba ujinga wenyewe, hawakumtwika mpita njia. Tena wapo waliotumia uigaji kama silaha dhidi ya wenye nguvu: kundi la Redykyulass, akina Walter Mong'are, John Kiarie na Tony Njuguna, walimwiga Rais Moi angali Ikulu, wakati ambapo watu wengi walinong'ona jina lake. Kuiga sauti ya mtawala kulihitaji ujasiri. Kuiga sauti ya soja kunahitaji nini?

Chukueni vichekesho vyenu sasa, muondoe lafudhi na jina la kabila, mwone kama kuna kitu kitabaki. Nimejaribu kwa vingi nilivyosikia. Hakibaki kitu.

Hata hivyo nisingesimama kukaripia kama ingekuwa ni kukosa adabu tu. Leonard Mambo Mbotela aliifanya kazi hiyo tangu mwaka 1966, akituuliza redioni Jumapili baada ya Jumapili kama huu ni ungwana, na alipofariki Februari 2025 wengi wenu mliandika kwamba mtamkumbuka. Mimi nina jambo zito kuliko adabu. Nina Januari ya mwaka 2008.

Mlio chini ya miaka ishirini na mitano, waulizeni wazazi wenu. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulipoharibika, watu walisimamishwa barabarani wakaulizwa kitambulisho, na pale jina lilipokuwa halitoshi waliulizwa neno. Sema hivi. Tamka kile. Ulimi ukateleza, mtu akauawa. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Hebu niambieni, wale vijana wenye mapanga walijifunzia wapi kupambanua "s" ya huyu na "r" ya yule kwa sekunde moja, usiku, kwenye moshi? Hakuna shule ya mambo hayo. Walijifunza mezani, kwenye ngazi, kwenye matatu, huku wakicheka. Miaka yote ile walipewa mazoezi ya sikio, na wengine wetu ndio tulioyatoa bure.

Enyi mnaobeba Biblia kwenda Junction kila Jumapili, fungueni Waamuzi sura ya 12. Watu wa Gileadi walishika vivuko vya Yordani, na kila mkimbizi aliyekana kuwa Mwefraimu aliambiwa aseme Shibolethi. Akisema Sibolethi, kwa sababu hakuweza kulitamka sawasawa, walimshika na kumchinja palepale kivukoni. Walianguka 42,000. Mnaisoma kama habari ya kale, kisha mnatoka ibadani na kumcheka Mluo kwa herufi ileile. Nanyi mnaokwenda msikitini, sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imewakataza waziwazi watu kuwadharau watu wengine, ambao huenda ni bora kuliko wao, na imewakataza kuitana majina mabaya. Haikutoa ruhusa kwa utani.

Msiniambie Kayole haina kabila. Husemwa sana maneno hayo, kwamba hapa tumechanganyika, tunaongea Sheng, tumeoana. Ni kweli tumechanganyika. Mtaa huu uliundwa na watu waliokuja kutoka kila kona wakiwa hawana kitu, na mlango wa kwanza ni Mkamba, wa pili Mluo, wa tatu Mkisii. Hiyo ndiyo hatari ninayoisema. Mahali palipochanganyika ndipo pa kuulizana neno. Kijijini hakuna haja.

Sasa mtazameni mtoto mmoja. Aliletwa na shangazi yake kutoka Siaya baada ya mama kufariki, akaingia darasa la nne. Mwalimu alimwinua asome kwa sauti kitabuni. Kulikuwa na sentensi yenye shamba na shangazi. Akasoma "samba", akasoma "sangazi". Darasa likapasuka, na mwalimu, ambaye kazi yake ilikuwa kulizima, akageukia ubao mabega yakimtikisika. Tangu siku ile mtoto huyo hajainua mkono. Akiitwa anasema haja ya kwenda msalani imembana. Shangazi anasema nyumbani anasoma vizuri, anasoma mpaka karatasi za kufungia maandazi, lakini kwa kunong'ona. Ana miaka tisa na ameshajua kwamba mdomo wake una kosa. Jina la shule sitalitaja, maana jambo hilo linafanyika katika shule nyingi za mtaa huu.

Walimu, ole wenu kwa mabega hayo. Mtoto anaweza kufundishwa "sh" kwa wiki mbili na mtu mwenye subira; hofu mliyompa itamchukua hadi chuo kikuu, akifika. Na wengi wenu mnaomcheka hamwezi kutamka hata salamu moja ya Kijaluo bila kuivunja. Mluo wa Siaya anayesema "sida" amebeba lugha mbili, mara nyingi tatu. Ninyi mnaomrekebisha wengi wenu mna moja na nusu.

Wachekeshaji wa mtaa huu, nanyi nawaona, na sisemi mfunge midomo. Mna vipawa, na Kayole ina visa vya kuwatosha maisha yenu yote: maji yanayokuja saa nane za usiku na mitungi ikapangwa foleni, landilodi anayepandisha kodi siku ileile aliyopaka rangi, mwanasiasa anayekuja kuzindua barabara iliyozinduliwa na aliyemtangulia. Hao wana mamlaka na pesa, waigeni hao. Mkishindwa kumchekesha mtu bila kumwiga mama fua, tafuteni kazi nyingine, kwa kuwa hiyo si kazi, ni uonevu ulioalikwa jukwaani.

Wazazi, mnawaambia watoto wasitukane, kisha mnamwiga jirani mbele yao kwenye chakula cha jioni. Mtoto haoni tofauti, na ana haki ya kutoiona. Wachungaji na mashehe, washereheshaji wenu mnawalipa ninyi; mkiwaambia kwamba kabila halitajwi kwa kicheko ndani ya nyumba ya Mungu, watatii kufikia Jumapili ijayo, maana wanahitaji hiyo pesa. Wanasiasa siwaambii kitu. Wao wanakuja kwenye uchaguzi wa Agosti 2027 kuvuna, na watakuta mmeshawalimia.

Makanga wa matatu namba 1960, kijana wangu, wewe nakuombea zaidi kuliko kukukaripia, kwa sababu una ulimi mwepesi na abiria wanakupenda. Januari ile gari lilipokuwa linasimamishwa, makanga ndiye aliyefungua mlango. Ndiye aliyetazamwa kwanza ataje nani yumo ndani. Wapo walionyamaza wakaokoa watu. Jiulize leo, ukiwa bado una nafasi, umewazoeza abiria wako kukutegemea kwa lipi.

Na ninyi wa ghorofa ya tatu, mnajijua. Ifuteni ile video leo hii, muwaambie na wenzenu kundini waifute. Kisha shukeni getini bila simu, mumwamkie yule mzee shikamoo na kumwita kwa jina lake. Wengi wenu hamlijui. Muulizeni.